Andika Ulichokiona, Si Unachodhani: Wito wa Kuripoti Nyangumi

Mabibi na mabwana, manahodha na mabaharia, wavuvi, wapiga mbizi, abiria wa vivuko, na nyinyi mnaokaa juu ya jabali mkitazama maji kwa raha zenu tu:

Julai 2013, katika pwani ya Colombia upande wa Pasifiki, nyangumi dume mwenye nundu aliinua mkia kabla ya kuzama, akapigwa picha. Mwaka 2017 akapigwa picha nyingine, si mbali na pale. Agosti 2022 mkia uleule ukaonekana kwenye mkondo wa Zanzibar, bahari nyingine kabisa. Kati ya Colombia na Zanzibar, kwa mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia, ni kilomita 13,046. Na kwa kuwa nyangumi hakatizi bara, safari yenyewe lazima ilikuwa ndefu zaidi.

Mnyama huyo hakufungwa kifaa cha satelaiti. Habari yake, iliyochapishwa Desemba 2024, ilijulikana kwa sababu picha za mikia ziliwekwa kwenye hifadhi moja ya wazi, Happywhale, ambako watafiti na watu wa kawaida hupeleka picha zao, na kompyuta ikaona kwamba mikia mitatu ni mmoja. Nyuma ya kila picha palikuwa na vitu viwili visivyovutia macho hata kidogo: mahali na tarehe. Bila hivyo picha zile zingekuwa mapambo ya ukutani.

Basi ombi letu leo ni dogo kuliko wengi wanavyodhani. Hatuwaombi muwe wajuzi wa nyangumi. Tunawaomba mahali, saa, na maelezo ya mlichokiona kwa macho yenu. Ujuzi wa kutaja jina la mnyama tuachieni sisi.

Kwa nini tunawahitaji? Bahari ni pana na nyangumi hutumia sehemu kubwa ya maisha yake chini ya maji. Mwenye nundu huzama kwa kawaida dakika 5 hadi 15. Yule mwenye meno na kichwa kikubwa cha mraba, ambaye wataalamu humwita Physeter macrocephalus, anaweza kukaa chini saa nzima. Meli ya utafiti ikipita juu yake wakati huo, kwenye daftari itaandikwa kwamba hapakuwa na kitu. Meli hiyo ni ghali na hutoka kwa wiki chache tu, ilhali vivuko na boti za uvuvi hutoka kila siku ya Mungu. Kwa picha za mikia zilizokusanywa na watafiti pamoja na maelfu ya watu wa kawaida, iliwezekana kukadiria kwamba nyangumi wenye nundu wa Pasifiki ya Kaskazini walifikia zaidi ya 33,000 mwaka 2012, kisha wakapungua hadi takribani 26,600 mwaka 2021, baada ya joto kali la bahari la miaka ya 2014 hadi 2016. Hesabu ya aina hiyo haitoki kwa meli moja.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, na tuanze na mahali, kwa maana hapo ndipo ripoti nyingi huharibika.

Simu yako au GPS ya boti inaweza kuandika nukta kwa namna zaidi ya moja. Namna ya kwanza ni nyuzi na dakika, tuseme 12° 45′ Kusini. Namna ya pili ni nyuzi zenye desimali, na nukta hiyohiyo itakuwa −12.75. Mtu akisoma "12, 45" kwenye skrini ya boti kisha akaandika 12.45 kwenye fomu, amemsogeza nyangumi kilomita 33. Akisahau alama ya kutoa, yaani asiseme kama ni kusini au kaskazini, amemvusha ikweta na kumpeleka zaidi ya kilomita 2,800. Sisi tunaopokea ripoti hugundua kosa la pili upesi, hasa nukta ikiangukia jangwani. Lile la kwanza ndilo baya, kwa sababu kilomita 33 bado ni baharini, na hakuna atakayeshuku. Kwa hiyo nakili namba kama ilivyo kwenye skrini, pamoja na alama zake zote, usiibadilishe kichwani. Bora zaidi, piga picha ya skrini. Desimali tatu zinatosha; hizo tayari ni usahihi wa mita 110 hivi. Desimali moja pekee inaacha shaka ya kilomita 11.

Kumbuka pia kwamba GPS inataja ulipo wewe. Nyangumi yuko kwingine. Usijaribu kukokotoa nukta yake. Andika nukta ya chombo, kisha uelekeo wa mnyama na umbali. Kwa uelekeo tumia dira ya chombo, au ngumi: nyoosha mkono wako wote, na upana wa ngumi iliyofumbwa ni karibu nyuzi 10. "Ngumi tatu kulia kwa omo, chombo kikielekea kaskazini" ni maelezo mazuri sana (omo ni sehemu ya mbele ya chombo). Umbali ni mgumu zaidi, na karibu kila mtu hukosea juu ya maji. Jisaidie na upeo wa macho: macho yakiwa mita 2 juu ya maji, mstari ambapo mbingu inagusana na bahari uko kilomita 5 tu, ukiwa juu, mita 20, uko kilomita 16. Nyangumi aliye nusu ya njia kuelekea huko anaonekana karibu sana na mstari huo, ndiyo maana watu husema "alikuwa mbali mno" juu ya mnyama aliyekuwa kilomita mbili. Ukishindwa, andika kiwango: "kati ya mita 500 na 1,000". Shaka iliyoandikwa tunaweza kuitumia kwenye hesabu. Shaka iliyofichwa hatuwezi kuiona.

Saa nayo ina mtego wake, na mtego huu ni wetu sisi wasemaji wa Kiswahili. Mtu akituandikia "saa 3:15", je, ni saa tatu na robo asubuhi, au ni 03:15 usiku wa manane kama kompyuta itakavyosoma? Tofauti ni saa sita kamili. Andika kwa mtindo wa saa 24, yaani 09:15, na useme kama ni saa ya mahali ulipo au ya UTC, ile saa ya kimataifa. Kamera zina ugonjwa wao: saa ya ndani haijawahi kurekebishwa tangu siku iliponunuliwa. Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kuondoka, piga kwa kamera picha ya saa iliyo kwenye simu yako. Kamera ikiwa inachelewa dakika 47, picha hiyo moja itaturuhusu kusahihisha nyingine zote za safari.

Halafu, kuna alichokiona mtu na kuna anachodhani amekiona. Ripoti inayosema "nyangumi buluu" haitupi cha kukagua. Ripoti inayosema "pumzi nyembamba iliyosimama wima, ndefu kuliko mlingoti wetu, kisha mgongo mrefu wa kijivu, pezi dogo nyuma kabisa" inatupa kila kitu, hata kama mwandishi hajui jina. Kwa hiyo tuwape mambo ya kutazama.

Cha kwanza kuonekana kwa kawaida ni pumzi, ule mvuke unaoruka mnyama anapotoa hewa. Ya nyangumi buluu hupanda wima kama nguzo, mita 9 au zaidi. Ya mwenye nundu ni fupi na nene kama kichaka, mita 3 hivi. Wale wa jenasi ya Eubalaena, wasio na pezi la mgongo, hutoa pumzi yenye umbo la V. Ya Physeter haisimami, hulala mbele na kushoto, kwa sababu tundu lake la pua liko ncha ya kichwa upande wa kushoto. Hapa tahadhari: V huonekana ukiwa mbele au nyuma ya mnyama, ukimtazama kwa ubavu utaona mkuki mmoja. Na upepo ukivuma, kila pumzi hulala. Andika kwa hiyo upepo ulitoka wapi na wewe ulisimama wapi.

Baada ya pumzi tazama pezi la mgongo: lipo au halipo, dogo au kubwa, limekaa katikati au nyuma. Lile la dume la nyangumi muuaji linaweza kufika mita 1.8, urefu wa mtu mzima. Kisha mkia: ameuinua au amezama bila kuuonyesha? Mwenye nundu ana alama nyingine usiyoweza kuikosa akiruka, mapezi ya ubavuni marefu karibu theluthi ya mwili wake.

Na papa potwe? Ripoti zake hutufikia mara kwa mara zikiwa zimeandikwa nyangumi, na kosa linaeleweka, ni mnyama mkubwa. Lakini potwe ni samaki. Hatoi pumzi, na mkia wake umesimama wima ukipiga kushoto na kulia. Mkia wa nyangumi umelala, hupiga juu na chini. Ukiona ncha ya mkia ikikata maji huku na huku nyuma ya pezi, huyo ni potwe au papa mwingine. Turipotie pia, ila kwa jina lake.

Kama hujui aina, andika "nyangumi asiyejulikana". Hiyo ni rekodi halali na haitamwaibisha mtu. Jina la kubahatisha ndilo linaloumiza, kwa sababu likishaingia kwenye kanzidata bila picha, hakuna njia ya kulitoa kwa haki.

Picha. Kwa mwenye nundu tunataka upande wa chini wa mkia, ule wenye mchanganyiko wa weupe na weusi, makovu, na ukingo wenye meno meno. Hakuna mikia miwili inayofanana. Upande huo unaonekana ukiwa nyuma ya mnyama, na kwa sekunde chache tu. Mtazame mgongo: pumzi kadhaa za kawaida atautoa kidogo tu, kisha ghafla ataukunja juu kuliko mara zote zilizotangulia, kama anayetaka kupiga kichwachini. Hapo weka kidole kwenye kitufe, kwa maana mkia unafuata. Piga mfululizo, picha kumi kwa mpigo. Kamera ikiwa na uchaguzi, kasi ya shata iwe 1/1000 ya sekunde au zaidi. Usivute kwa zoom ya kidijitali ya simu, haiongezi kitu zaidi ya ukungu. Mkia ukishazama, utabaki duara la maji laini, bapa, kama mafuta yamemwagika. Hilo ni alama ya pigo la mkia, na linakuonyesha alikozamia.

Aina nyingine zina vitambulisho vingine. Nyangumi buluu hutambulika kwa madoa ya ubavuni, kwa hiyo tunahitaji kushoto na kulia. Nyangumi muuaji kwa pezi na baka la kijivu nyuma ya pezi. Physeter kwa mikato ya ukingo wa mkia. Eubalaena kwa vigaga vya kichwani.

Msikate picha, msizipambe, wala msichague nzuri tu. Picha yenye ukungu ambayo ungeona haya kumwonyesha jirani inaweza kuwa ndiyo pekee inayoonyesha kovu. Na jinsi ya kutuma ni muhimu: picha ikipitia WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na taarifa za mahali zilizofichwa ndani yake hufutwa. Itume kama hati, au kwa barua pepe, au ipakie moja kwa moja kwenye tovuti ya mradi.

Idadi iandikwe kwa namba tatu: ndogo kabisa unayoweza kuiapia, ile unayoiamini, na kubwa kabisa inayowezekana. Kwa mfano 3, 4, 6. Kinachodanganya ni kuhesabu pumzi, kwani mnyama mmoja akipumua mara tano mahali patano huonekana kundi. Walioonekana juu kwa wakati mmoja ndio msingi wa namba yako ndogo. Taja ndama kama yupo. Kwa wenye nundu huzaliwa na urefu wa mita 4 hivi na huogelea ubavuni mwa mama.

Linalofuata watu hulipuuza, nasi tunalipenda kuliko yote: siku ambayo hukuona kitu. Tukipokea ripoti kumi kutoka ghuba moja na mbili kutoka nyingine, haimaanishi ghuba ya kwanza ina nyangumi mara tano zaidi. Huenda ina boti za watalii tu, na ripoti zake zote ni za Jumamosi na Jumapili. Dawa ni kuandika muda wa kutazama. "Muda wa saa 4, watu wawili wakitazama, hakuna nyangumi" ni takwimu kamili. Ongeza hali ya bahari: maji bapa, povu la hapa na pale, au povu kila mahali. Kwenye kipimo cha Beaufort, kinachopima nguvu ya upepo, kuanzia 4 povu ni nyingi kiasi kwamba pumzi hupotea ndani yake, na patupu ya siku hiyo ina uzito mdogo kuliko patupu ya siku ya bahari shwari.

Ripoti isimgharimu mnyama. Nchi nyingi zina sheria ya umbali, nanyi fuateni ya kwenu. Miongozo mingi inakubaliana hivi: punguza mwendo ukiwa mita 300, usisogee chini ya mita 100, usimjie kwa mbele wala kumfukuza kwa nyuma, tembea sambamba naye kwa ubavu. Akija mwenyewe karibu, weka gia katikati na umwache apite. Usiingie kamwe kati ya mama na ndama. Picha iliyopatikana kwa kumkimbiza hatuitaki, na kwa kawaida inajionyesha yenyewe, maana mnyama anayekimbizwa hubadili mwelekeo na kuzama mapema.

Nyangumi aliyenaswa kwenye nyavu au kamba ni jambo la dharura, na hapa huruma huua. Usiruke majini, usikate kamba. Mwaka 2017, nchini Canada, mwokoaji mwenye uzoefu wa miaka mingi aliuawa na nyangumi mara tu baada ya kumkata kamba ya mwisho. Isitoshe, ukikata kipande kinachoelea na boya lake, umeondoa kitu ambacho timu ya uokoaji ingekishika, huku kamba inayomkaba imebaki mwilini. Piga simu kwa mamlaka ya bahari au walinzi wa pwani, piga picha ukiwa mbali, andika rangi ya kamba na maboya na inapopita mwilini, na ukiweza baki kwa mbali ukimfuatilia kwa macho hadi wafike. Nyangumi akishapotea, kumpata tena ni bahati.

Aliyepwelewa ufukweni akiwa hai: piga simu kwanza. Usimvute kwa mkia, unaweza kumvunja viungo. Mlowanishe ngozi, mfunike kwa vitambaa vyeupe vilivyolowa, lakini tundu la pua liachwe wazi na lisiingie maji wala mchanga. Weka watu na mbwa mbali, na mkae mbali na mkia. Akiwa amekufa, simama upande wa joshi, yaani upepo unakotoka, usimguse kwa mikono mitupu kwani yapo magonjwa yanayovuka kwa binadamu, na usitoboe tumbo lililovimba. Tunachohitaji ni picha za ubavu mzima, kichwa, mkia na majeraha, zikiwa na kitu cha kulinganishia ukubwa, kama kasia. Kipimo cha urefu huchukuliwa kwa mstari ulionyooka kutoka ncha ya mdomo hadi mkato wa katikati ya mkia, si kwa kufuata mviringo wa mwili.

Ripoti ikitufikia, mtu huikagua kwanza: nukta iko baharini? saa inaingia akilini? Kisha picha za mkia hupitishwa kwenye programu inayolinganisha, na binadamu huthibitisha. Rekodi zilizopita mara nyingi huishia kwenye kanzidata za wazi kama OBIS, hifadhi ya kimataifa ya taarifa za viumbe wa baharini, ambako mtafiti yeyote anaweza kuzisoma. Wanaopanga njia za meli nao huzihitaji, kwani palipo na nyangumi wengi meli kubwa huombwa, au kulazimishwa, kushuka hadi noti 10, karibu kilomita 18.5 kwa saa. Msishangae mkiona nukta yenu imechelewa kuonyeshwa hadharani. Pengine imezuiwa kwa makusudi, ili boti ishirini zisimwagike pale kesho yake.

La mwisho ni picha za zamani. Picha ya mkia ya mwaka 2004, iliyolala kwenye diski ngumu au albamu ya karatasi, ina thamani kuliko ya jana, kwa sababu hatuwezi kurudi kuipiga. Ya karatasi ipige upya kwa simu ukiwa kivulini, bila flashi, na upige pia mgongo wake kama umeandikwa kitu. Tarehe ikiwa imepotea, andika mwezi na mwaka, au hata mwaka pekee, na useme umejuaje: risiti, muhuri wa pasipoti, umri wa mtoto aliyeketi kwenye boti ile. Usijaze tarehe 1 Januari ili fomu ikubali. Tunazo nyingi hizo tayari, na kwa kuzitazama mtu angedhani nyangumi wote wa dunia husherehekea mwaka mpya juu ya maji.

Asanteni. Tuna dakika ishirini za maswali, na aliye na picha kwenye simu aje nayo mbele.